Damu ya Kulwa, Figo za Doto

Nyie mliosimama mlangoni, ingieni ndani au tokeni, msituzibie upepo. Simu zizimwe. Leo sina sungura wala fisi. Leo nina ugomvi. Umenishinda mimi, umewashinda wenyewe waliokuwepo, na nimeubeba mpaka hapa muumalize ninyi, maana kila siku mnajidai mna akili.

Watu wenyewe ni watatu, wote wanawake, na kila mmoja ana kipaji chake. Washikeni vizuri kichwani, sitarudia.

Wa kwanza ni Sekela, binti wa Kinyakyusa, dada wa eksirei katika hospitali moja ya mkoa huko Usukumani. Jina la hospitali halituhusu. Kipaji cha Sekela ni macho. Wenzake husoma karatasi kwanza ndipo wakamtazama mgonjwa. Yeye humtazama mgonjwa kwanza, kuanzia kucha za miguu mpaka utosini. Wanamcheka, wanasema dada huyu anakagua watu kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Hajali.

Wa pili ni Dokta Tunu Mshana, Mpare, mwembamba, hacheki ovyo. Kipaji chake ni kuamua. Wapo madaktari ambao jambo likiwa gumu wanatafuta simu wampigie mkubwa wao, na mkubwa naye anampigia mkubwa wake. Dokta Tunu anaamua, halafu anabaki palepale kwenye uamuzi wake mpaka mwisho uonekane.

Wa tatu ni Bi Kulwa. Mjane, hajasoma, macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kipaji chake ni kujitwika mzigo wa mwenzake, na mwenzake ni mmoja tu duniani: pacha wake, Doto. Mnajua kwa Wasukuma, wa kwanza kutoka ni Kulwa, anayemfuata ni Doto. Shuleni mwalimu akiita Doto aje achapwe, Kulwa ndiye aliyenyanyuka. Doto akiogopa kuvuka mto, Kulwa alivuka na mzigo, akautua, akarudi kumbeba mwenzake mgongoni. Sura zao ni moja mpaka uzeeni, hata watoto wao wa kuwazaa huwachanganya wakiwaona kwa mbali. Doto akiitwa, Kulwa anaitika. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyewahi kuona ubaya.

Basi siku moja asubuhi Doto akashikwa na tumbo. Si tumbo la kula vibaya, hapana. Tumbo la kumfanya mtu mzima ajikunje na kuuma kanga. Wakamkimbiza zahanati, muuguzi akahangaika na mshipa mkono huu, akahangaika na mkono ule, asipate kitu. Mikono ikavimba. Wakamtia kwenye gari wakampeleka hospitali ya mkoa: wanawe, wakwe, Kulwa, na Milembe, mjukuu wa Doto, mwenye mimba ya kukaribia kujifungua, aliyekataa kabisa kubaki nyumbani.

Dokta Tunu akalibonyeza lile tumbo, akauliza mawili matatu, uso ukabadilika. Akawaambia ndugu, "Nahofia mshipa unaopeleka damu kwenye utumbo umeziba. Kama ni hivyo, utumbo unakufa tukiwa tumesimama hapa. Lakini tumbo la mzee huyu siwezi kulipasua kwa kubahatisha. Lazima nione ulipoziba."

Na kuona maana yake ni ile mashine ya sitiskani, ile pete kubwa ambayo mtu hulazwa kwenye kitanda akapitishwa katikati. Ila mashine peke yake haioni mishipa vizuri. Mgonjwa huchomwa dawa ya kung'arisha picha, inakimbia kwenye damu, mishipa inaonekana myeupe mpaka vijitawi vyake. Dawa ikishamaliza kazi, figo ndizo zinazoitoa na mkojo. Watu chungu nzima huchomwa dawa hiyo wakarudi nyumbani kula ugali wao. Shida inakuja kwa mtu ambaye figo zake zimeshachoka. Huyo dawa inaweza kumzimia figo kabisa. Kwa hiyo kwanza hupimwa damu, figo zijulikane zina nguvu gani.

Muuguzi akampa Kulwa karatasi. "Mpelekeni maabara haraka, majibu yaende kwa Dokta."

Hapo sasa. Tegeni masikio hapo.

Doto amelala kwenye kitanda cha magurudumu nje ya dirisha la maabara. Anatapika. Mikono imevimba kwa sindano za zahanati. Akamshika Kulwa kanga, akalia kama mtoto. "Dada, wasinichome tena. Nitakufa na hizi sindano kabla ya hilo tumbo."

Dirishani wakaita, "Doto Nkwabi!"

Nani aliitika? Eeh, mnajua wenyewe. Kulwa akasema, "Lala, mdogo wangu. Naenda mimi." Akaingia, akakaa kwenye kiti, wakamwangalia na picha ya kwenye kadi ya Doto, sura ile ile. Akakunja mkono wa gauni, akatoa damu.

Nani amecheka? Usicheke. Hakutaka kumdanganya mtu yule mama. Kichwani mwake hesabu ilikuwa imenyooka: tumelala tumbo moja, tumenyonya ziwa moja, damu yetu ni moja. Sindano akichomwa yeye au akichomwa Doto, kuna tofauti gani? Akatoka amebana pamba kwenye mkono, roho nyeupe, amemsaidia pacha wake kama siku zote.

Majibu yakatoka: figo nzima kabisa, kama za msichana. Dokta Tunu akayasoma, akashusha pumzi, akaandika dawa ichomwe, kipimo kamili. Doto akaingizwa kwenye chumba cha mashine.

Sasa tuingie na Sekela.

Mtaalamu wa usingizi aliitwa, akapata mshipa kwa mara moja tu. Mnaona mambo? Ile sindano ambayo Kulwa aliikwepesha, ikamkuta Doto mle ndani. Doto akalazwa, dawa ikafungwa kwenye pampu, kidole cha Sekela kikawa juu ya kitufe. Akamtazama mgonjwa. Macho yamevimba kope za chini. Akaacha kitufe, akateremka miguuni, akabonyeza muundi kwa kidole gumba, akaondoa. Shimo likabaki.

Akainama sikioni kwake. "Bibi, mkojo unatoka?"

"Kidogo, mjukuu wangu. Tangu jana hata sikumbuki."

"Na hapa kwenye pindo la kanga umefunga nini?"

"Dawa za magoti."

Sekela akafungua lile fundo. Vidonge vya maumivu, vile vinavyouzwa dukani pamoja na chumvi na kiberiti. Doto alikuwa akivitafuna asubuhi na jioni, mwaka nenda mwaka rudi, na hakuna aliyemwambia kwamba vinakula figo.

Sekela hakurudisha kidole kwenye kitufe.

Dokta Tunu alikuwa nyuma ya kioo. "Sekela, vipi? Choma!"

"Dokta, karatasi hii na mgonjwa huyu hawafahamiani."

"Majibu yametoka maabara yetu leo hii. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua damu hii ni ya nani."

"Sekela! Kila dakika unayokaa hapo utumbo wa huyu mama unaoza. Ukikosea, umemuua kwa kuchelewesha. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Na nikichoma?"

Doto akaguna pale kitandani. Sekela alijua anaweza kuwa amekosea. Hakurudi kwenye kitufe. Alikwenda mlangoni, akafungua, akawakuta ndugu wamejaa koridoni, akasema kwa sauti ya juu, "Nani alimpeleka Bi Doto kutoa damu?"

Na sasa ni Kulwa.

Kulwa alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta. Aliposikia lile swali akaangalia ile pamba kwenye mkono wake. Kichwa chake kikafanya kazi haraka kuliko siku zote. Kumbe ile damu ilikuwa na kazi. Kumbe ilitakiwa iwe ya Doto mwenyewe.

Mtoto mkubwa wa Doto anaitwa Lugata. Mfupi, mwenye hasira, anampenda mama yake kupita kiasi. Akajibu yeye, "Wameshampima! Mnatuuliza nini badala ya kumtibu?" Wengine wakaitikia. Kulwa angenyamaza tu, jambo lingepita. Hakuna ndugu aliyemwona akiingia maabara isipokuwa Doto, na Doto alikuwa hajitambui vizuri.

Na msidhani kusema kulikuwa rahisi. Niwaambie waziwazi, maana haya mambo tukiyafichaficha ndiyo yanaendelea kuua watu. Bibi kizee, mjane, macho mekundu, huko kwetu hana mahali pa kujificha akishanyooshewa kidole. Tangu mume wa Doto afariki, kulikuwa na maneno nyuma ya nyumba kwamba Kulwa ni mchawi, ana mkono katika kifo kile. Lugata aliyasikia maneno hayo, na hakuyakanusha. Sasa bibi huyo huyo asimame mbele ya ukoo mzima aseme kwamba ametoa damu kwa jina la dada yake, na dada yake yuko kufani? Kulwa alijua akifungua mdomo, huenda asilale salama tena maisha yake yote.

Akashika ukuta, akanyanyuka.

"Mimi. Nilitoa yangu. Ile damu si ya Doto, ni ya kwangu."

Lugata akamgeukia: "Umefanya nini?"

"Alikuwa analia, mwanangu. Nikasema damu yetu ni..."

"Usiniite mwanao!" Maisha yake yote alimwita Mama Mkubwa. Siku hiyo alimwita, "Wewe bibi! Umemtoa kafara mama yangu! Waliyosema watu ni kweli!" Akamrukia. Milembe na mimba yake akajitupa katikati, askari wa mlangoni akamkamata Lugata kiuno, na Sekela akamvuta Kulwa akamwingiza ndani, akafunga mlango. Yule mama alikuwa anarudia neno moja, "Mpimeni yeye, mpimeni yeye."

Haya, sasa ni zamu ya Dokta Tunu.

Damu ikachukuliwa upya, ya Doto mwenyewe, ikakimbizwa. Wakati inapimwa, Dokta hakukaa. Akafungua dripu ya maji ya chumvi, akavitupa vile vidonge kwenye pipa. Majibu yakaja: figo za Doto zinafanya kazi robo tu ya inavyotakiwa.

Mnauona mtego? Akichomwa dawa kwa kipimo kile cha kwanza, mwili umekauka kwa kutapika, vidonge vikiendelea, figo zinaweza kuzima. Zikizima, anahitaji mashine ya kusafisha damu, na mashine iko Mwanza. Asipochomwa, Dokta haoni mshipa umeziba wapi, na utumbo haumsubiri mtu. Na kulikuwa na mlango wa tatu, mlango mzuri kwa daktari: andika barua ya rufaa, mpakie kwenye gari la wagonjwa, akifia njiani hakuna atakayekuuliza. Daktari mwenzake alimwambia hivyo hivyo. "Tunu, mpe rufaa. Usijitafutie makubwa."

Dokta Tunu akamwinamia Doto. "Mama, nakwambia ukweli. Figo zako zimechoka. Dawa ya picha inaweza kuziumiza. Bila picha, tumbo hili litakuua leo. Nataka nikuchome, lakini dawa kidogo kabisa, ile ya kutosha kuona tu, mara moja, hatutarudia, huku tunakupa maji. Nikikosea, nimekosea mimi. Sitamsingizia mtu."

Doto akafumbua macho. "Mwanangu, wewe unanihubiria habari za figo na mimi naungua? Choma." Halafu akamshika mkono Milembe, ambaye alikuwa ameruhusiwa kuingia kumuaga. "Nisikilizeni wote. Kitukuu changu kilicho tumboni mwa Milembe nimepewa mimi nikipe jina. Basi atakayenitoa hapa nikiwa hai, jina ni lake. Nimesema."

Mmesikia? Hakusema watakaonitoa. Alisema atakayenitoa. Mmoja.

Dawa ikachomwa, kidogo. Picha ikatoka hafifu, lakini Dokta alipaona: tawi moja la mshipa limeziba. Doto akapelekwa kupasuliwa, kipande cha utumbo kilichokwisha kufa kikakatwa, kilichobaki kikashonwa. Alitoka akiwa hai.

Hai, ndiyo, lakini figo je? Hapo ndipo ulipoanza msiba mwingine. Siku ya kwanza mfuko wa mkojo ulikuwa mtupu. Siku ya pili matone. Vipimo vinazidi kuwa vibaya, Dokta Tunu anakuja kila mara, anautazama mfuko, anaondoka. Ukoo mzima nje unasali, na unaloombea ni mkojo! Wachungaji wanaombea mkojo. Lugata amekaa mlangoni, anangoja tu ajue anamlaumu nani. Na Kulwa hakurudi kijijini. Alijikunja nyuma ya jiko la hospitali, akihesabu pumzi za dada yake kwa mbali.

Siku ya tatu Milembe akatoka wodini anakimbia, na tumbo lake lile. "Umejaa! Njooni muone, mfuko umejaa!" Watu wazima wakashangilia mkojo kama goli. Figo hazikurudi zote, kilichokuwa kimekufa kilikuwa kimekufa tangu zamani, lakini mashine ya Mwanza hakuihitaji. Doto akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Na Milembe akajifungua. Mtoto wa kike. Jina hana.

Sasa ugomvi ndio huu.

Milembe anasema jina ni Sekela. "Kama asingetoa kidole kwenye kile kitufe, tungekuwa tunaongea habari za kaburi. Nani mwingine aliangalia miguu ya bibi?" Wanaompinga wanasema aliona, sawa, lakini alichelewesha. Dokta mwenyewe alisema kipande cha utumbo kilichokatwa kingekuwa kifupi zaidi laiti wangeanza mapema. Tena alichokuwa nacho ni wasiwasi tu. Bila mtu kumjibu pale mlangoni, angesimama hapo mpaka lini?

Lugata anasema jina ni Tunu, na anapiga meza. "Wengine wote walisimamisha mambo. Yeye peke yake ndiye aliyefanya kitu, akajua anaweza kufungiwa kazi." Wanaompinga wanasema, haya, na kile kipimo kamili cha kwanza kiliandikwa na nani? Alisoma karatasi akaandika, hakugusa hata muundi wa mgonjwa. Alirekebisha kosa ambalo na mkono wake ulikuwemo.

Sekela alipoulizwa, akasema, "Msinipe mimi. Mpeni Bi Kulwa. Mimi ningekosea ningeonywa kazini. Yeye alikuwa anaweka shingo yake rehani." Watu wakamshukia! Kulwa? Aliyetoa damu ya uongo? Mtu akuchimbie shimo, halafu akuonyeshe lilipo, umpe zawadi? Na wazee wakaongeza lao: mtoto mmoja haitwi Kulwa, Kulwa ni jina la pacha, haliendi peke yake.

Doto akawajibu wazee, "Nani kasema liko peke yake? Mimi Doto si nipo?" Lakini hata yeye hakuwa na uhakika. Usiku anaota ile sindano iliyokuwa ikimngoja kwa damu isiyo yake.

Nami niwaambie kinachonikosesha raha. Hili si jina tu. Tangu wametoka hospitali, Kulwa hajaingia kwenye ua wa Doto. Lugata hajamwita Mama Mkubwa hata mara moja. Mtoto akiitwa Kulwa, hakuna mwanaume kijijini atakayemwinulia mkono bibi ambaye jina lake limelala kwenye mbeleko ya ukoo. Akiitwa jina jingine, Lugata atasema, si mmesikia, hata mama amekataa kumtaja. Na yale maneno ya nyuma ya nyumba yatatoka mbele. Lakini je, jina hupewa mtu kwa kuwa anastahili, au kwa kuwa anahitaji kuokolewa? Na Sekela na Tunu walifanya kosa gani wanyimwe haki yao kwa sababu wao hawana wa kuwatisha?

Jumapili watu wamejaa uani. Sekela amekuja na kanga ya mtoto. Dokta Tunu amekuja, amekaa pembeni, anaangalia miguu ya Doto kwanza kabla ya kumsalimia. Kulwa amesimama nje ya ua, kwenye miti ya uzio, ameshika mti mmoja, hathubutu kuvuka. Lugata anamwona.

Doto amemnyanyua mtoto. Amemtazama Sekela, amemtazama Dokta, amegeuka akautazama ule mlango wa ua. Amefungua mdomo.

Mnaningoja mimi? Mimi yangu yameisha. Mdomo wa Doto uko wazi, mtoto analia, na yule mama bado ameshika mti. Mpeni Doto jina aliseme.

Haya. Je, wewe ungeamua vipi?